Mara Mia kwa Mkono wa Kulia

SAA TATU NA ROBO ASUBUHI, JUMAPILI

Chumba cha nyuma cha dobi kilinuka sabuni na nguo zilizopigwa pasi. Meneja alitandaza shuka jeupe mezani, akachora jengo kwa kalamu ya risasi. Alipenda kuchora kwenye shuka. Karatasi huokotwa. Shuka hufuliwa.

"Ghorofa tatu," alisema. "Sonara yuko chini. Mlango una king'ora na mlinzi. Madirisha ya mbele yana king'ora. Dirisha la choo halina, kwa sababu linatazama shimo la hewa katikati ya jengo, na hakuna mtu mwenye akili atakayepita humo."

"Asante kwa kunisifu," alisema Sindano.

Dereva alicheka. Meneja hakucheka. Huyu alikuwa mtu wa kutazama saa, si wa kucheka.

"Sindano anashuka kutoka paani mpaka dirisha la choo. Vidani vimo kwenye kabati la mbao, maana kasha la chuma limepelekwa kutengenezwa mpaka Jumanne. Mfuko unapanda kwanza, kwa kamba nyembamba. Halafu anapanda yeye."

"Kamba yake inafungwa wapi?" aliuliza Dereva.

"Haifungwi. Ukuta wa paa unamomonyoka, mabomba yameoza. Inashikwa. Kushusha, Koleo peke yake. Kuvuta, mimi na Koleo."

Krii, krii, krii.

"Koleo, acha hiyo kelele."

Koleo aliacha. Baada ya muda mfupi vidole vyake vilianza tena, vyenyewe.

Kilikuwa kifaa kidogo cha kubana kwa kiganja: mishikio miwili ya plastiki na springi katikati. Mwanzoni mwa mwaka Koleo aliteleza kwenye ngazi ya ujenzi akavunjika mkono wa kulia, ule uliompa jina. Plasta ilipotolewa, hakuweza hata kufungua chupa ya maji. Mama mmoja mnene wa idara ya mazoezi ya viungo alimhurumia, akafungua mkoba wake mwenyewe. "Hii ni yangu, si ya hospitali," alimwambia. "Chukua. Siku utakayoibana mara mia bila kupumzika, umepona."

Wiki sita Koleo alibana. Na kwa kuwa kusubiri kunachosha kuliko kazi, wote walibana. Dereva aliibana akiwa kwenye usukani. Sindano aliibana kwa mikono miwili, ulimi nje. Hata Meneja, alipodhani hatazamwi. Ilizunguka chumba kile kama sigara moja ya watu wanne.

Alhamisi Koleo alifika mara mia. Sindano alipiga makofi. Alikuwa fundi cherehani, binti mwembamba kama jina lake, mdogo wake mke wa Koleo, na alikubali kazi hii kwa sharti moja. "Kamba akishika shemeji, nashuka. Akishika mwingine, narudi kwenye cherehani yangu."

SAA SITA NA DAKIKA HAMSINI MCHANA

Gari la dobi lilisimama kwenye kichochoro. Meneja alitangulia paani kwa mlango wa nyuma. Sindano alikuwa nyuma, kati ya magunia ya nguo, akijifunga vitambaa magotini.

Dereva alichomoa kitu mfukoni.

"Nimechoka kuazima," alisema. "Nimejinunulia yangu. Aina ileile, rangi ileile. Jaribu."

Koleo aliichukua. Mkono wa kulia. Moja, mbili, tatu. Ilikuwa ngumu. Alidhani mkono unamtania. Saba, nane. Kidole kidogo kilitetemeka. Kumi. Kumi na moja, na vidole vikafunguka bila ruhusa yake.

"Ngumu, eh?" Dereva alichekelea. "Ile yako tumeilegeza kama kandambili kuukuu. Watu wanne, wiki sita! Springi gani ingestahimili?"

Koleo aliutazama mkono wake kama mtu aliyeletewa mgeni asiyemjua. Kwa hiyo Alhamisi hakupona. Alhamisi ilikuwa springi tu imechoka.

"Shemeji."

Sindano alikuwa amepanda mbele. Alimshika mkono uleule, akamfunga leso kwenye kifundo, taratibu, asije akamkaza mno.

"Jasho lisiteremke kwenye kamba," alisema. "Mbona umekauka hivyo? Wewe si ndiye wa mara mia?"

Hapo ndipo angesema. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini alikumbuka yale makofi ya Alhamisi, na jinsi alivyosimama chumbani siku ile, mtu mzima tena, si mgonjwa.

"Twende," alisema.

SAA SABA NA DAKIKA ISHIRINI

Jua la paani lilikuwa la kukaanga. Chini, mtaa ulikuwa kimya, maduka yamefungwa. Koleo alikaa, akakita miguu kwenye tofali, akapitisha kamba kiunoni. Kushusha si kazi kubwa. Kiuno hubeba, mkono huachia kidogo kidogo. Sindano alipotea ndani ya shimo. Kamba ililegea. Amefika.

Meneja alitembea. Kwenye ukingo. Kwenye ngazi. Kwenye ukingo.

SAA SABA NA DAKIKA AROBAINI NA MOJA

Kamba nyembamba ilitikisika mara mbili. Meneja aliuvuta mfuko, akauvaa begani bila kuufungua. Kamba nene ilitikisika mara tatu.

Walivuta pamoja. Koleo mbele, Meneja nyuma. Moja, vuta. Mbili, vuta. Sindano alipita ghorofa ya kwanza. Alipita ya pili.

Simu ya Meneja ilitetema. Aliipokea kwa mkono mmoja.

"Wangapi? ... Wamesimama mlango upi?" Akaikata. "Pikipiki ya polisi mtaani. Dereva hasubiri."

Akaachia kamba.

Uzito wote ulimrukia Koleo. Viatu vilikwaruza tofali.

"Shika!"

"Unaweza peke yako."

"Meneja, shika kamba!"

"Mkono wako si wa mara mia? Vuta, utukute garini."

"Nimedanganya. Mkono haujapona. Nakuomba, dakika mbili tu."

Meneja alimtazama. Kwa muda mfupi alionekana kama mtu anayepiga hesabu ngumu. Kisha akatazama saa.

"Basi ulituuza tangu asubuhi," alisema, akashuka ngazi na mfuko.

Muda si mrefu, injini ya gari la dobi iliunguruma kichochoroni, ikaondoka.

SAA SABA NA DAKIKA AROBAINI NA SITA

"Shemeji?" Sauti ilitoka shimoni. "Mbona tumesimama?"

"Napumzika kidogo."

"Meneja je?"

"Ameshuka."

Miguu yake ilipapasa ukuta wa shimo.

"Kuna pa kukanyaga hapo?" aliuliza Koleo.

"Bomba. Nimeligusa, limebanduka. Shemeji, usiniangushe."

Kidole kidogo kilikuwa kimekwisha kazi. Cha pili yake kilikuwa njiani. Kamba iliteleza upana wa ukucha, ikasimama. Ikateleza tena. Leso ilikuwa imelowa.

Kulikuwa na mlinzi mlangoni, chini. Siku nne walikuwa wamepanga jinsi ya kumkwepa. Koleo alijaza kifua.

"Mlinzi! Paani! Njoo! Mtu anaanguka!"

"Unapiga kelele?" Sindano alisema kwa mnong'ono wa hasira. "Shemeji, unapiga kelele?"

"Napiga kelele. Mlinzi!"

Ghorofa tatu za ngazi. Koleo alizihesabu kwa mlio wa kandambili. Aliinama, akaing'ata kamba kwa meno.

Mlinzi alitokea na rungu, mzee wa miaka kama sitini, anahema. Alimwona Koleo. Aliona kamba. Akaliweka rungu chini, akakaa nyuma yake, akashika.

"Ni mwizi?"

"Ni mwizi."

"Ni nani wako?"

"Mdogo wa mke wangu."

"Haya. Mimi nikisema 'eeh', vuta. Eeh!"

SAA SABA NA DAKIKA HAMSINI NA TANO

Sindano alilala chali juu ya paa, viwiko vimechunika. Mlinzi alikaa mlangoni pa ngazi, rungu magotini. Alikuwa amepiga simu. Aliwaambia kwa upole, kama anayewaaga wageni, kwamba polisi wanakuja. Kisha akatoa chupa ya maji kwenye mfuko wa koti, akaibiringisha mpaka miguuni pao.

Mkono wa Koleo ulikuwa umeganda na kipande cha kamba ndani yake. Haukufunguka. Sindano alijikokota akakaa mbele yake. Akamwagia mkono maji, akaanza kukunjua vidole kimoja kimoja, kama anayetoa uzi uliotatana kwenye nguo nzuri.

Kidole gumba. Cha shahada.

"Springi mpya ya Dereva," alisema bila kuinua macho. "Nilimsikia akicheka kule mbele. Ulibana mara ngapi?"

"Kumi na moja."

Vidole vya Sindano vilisimama.

"Ukaniacha nishuke."

"Nikakuacha ushuke."

Viatu vizito viliingia ngazini, bado mbali. Mlinzi alisimama, akasogea kando ya mlango.

"Dada akiuliza," Sindano alisema, "utamwambia wewe mwenyewe."

"Nitamwambia."

"Yote. Na hiyo kumi na moja."

"Na hiyo kumi na moja."

Sindano alipangusa pua kwa mkono wa gauni. Kisha akakishika kidole kilichofuata.