Mstari Mmoja wa Tairi

Flora alikutwa chini ya korongo siku ya Ijumaa, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, amekufa, kengele yake ingali shingoni. Alikuwa ng'ombe kiongozi wa malisho ya juu, na kwa watu wanaoishi kandokando ya ziwa Tannsee kifo chake kilikuwa habari nzito kuliko cha diwani. Diwani huchaguliwa mwingine.

Ilipofika saa mbili, watu wanne walikuwa wamesimama mbele ya geti la malisho, ambalo usiku huo lilibaki wazi, Flora akatoka. Mzee Sepp Reisinger, mwenye Flora na mwenyekiti wa wafugaji, alikuwa amekunja mikono. Inspekta Ferdl Aigner alikuwa anahema, ingawa alipanda mlima kwa gari. Burgi, aliyeishi kibandani huko juu na kuchunga ng'ombe kila kiangazi kwa miaka thelathini na mmoja, hiki kikiwa cha mwisho, alikuwa ameficha mikono ndani ya aproni. Wa nne alikuwa Vroni, fundi baiskeli wa kijiji, binti wa ubatizo wa Burgi, na mtu wa kutengeneza kila kitu cha mama huyo chenye gurudumu.

Vroni ndiye aliyekuwa na cha kupoteza. Alizunguka majiko ya wafugaji kwa miaka mitatu akinywa kahawa mbaya, akiwabembeleza waruhusu baiskeli zipite kwenye njia ya changarawe inayozunguka ziwa na kukatiza malisho yao. Kilomita arobaini na mbili. Walikubali kwa sharti moja tu: anayepita afunge geti.

"Tazama mwenyewe," alisema Mzee Sepp akionyesha tope. "Alama ya tairi. Tena tairi la baiskeli zenu hizo. Na hii hapa." Kwenye nguzo ya chuma ilining'inia glavu nyeusi isiyo na vidole. "Ng'ombe wangu hawavai glavu."

"Wangevaa, wangekushinda kwa umaridadi," alisema Ferdl. Hakuna aliyecheka, akajifanya kuandika.

"Wafugaji wanakutana saa sita mchana," Sepp akaendelea. "Njia inafungwa. Sina ugomvi na wewe, Vroni. Nina ugomvi na korongo, ila korongo halisikii."

"Nipe mpaka hiyo saa sita, Mzee Sepp."

"Mpe," alisema Burgi kwa sauti ndogo, bila kumtazama mtu.

Vroni alichuchumaa. Jana mpaka saa kumi na moja jioni ardhi ilikuwa kavu kama sakafu ya saruji. Baiskeli mia zingepita zisiache hata mkwaruzo. Kisha manyunyu yakaanza, yakaendelea mpaka saa kumi na moja alfajiri. Kwa hiyo aliyeacha alama hii alipita baada ya mvua kuanza. Akaifuata kwa macho, ikaingia getini ikitoka upande wa msitu, akaona jambo lisilo la kawaida. Baiskeli ina magurudumu mawili, na la nyuma halifuati la mbele kwa utiifu. Kwenye kona lazima mistari iachane. Hapa kona ilikuwepo, mstari ulikuwa mmoja, na katika alama zake jino moja la tairi lilijirudia likiwa limekatika nusu.

Akaichukua glavu. Ilikuwa kavu mpaka kwenye mishono.

"Afande Ferdl," akasema, "kitu kikinyeshewa usiku kucha huwaje?"

"Hulowa. Hata polisi hulowa."

"Basi shika hii."

Ferdl akaishika, akaigeuza, akaitazama nguzo, kisha anga. Safari hii aliandika kweli.

Saa tatu na robo walimkuta mwenye glavu hotelini. Aliitwa Dieter, mgeni kutoka Hamburg, ndani ya nguo za kubana zilizotangaza kila soseji aliyowahi kula.

"Yangu hiyo," alisema. "Mmeipata wapi?"

"Ulipita getini saa ngapi?" Vroni akauliza.

"Saa tisa alasiri. Na nililifunga. Mnyororo niliuzungusha mara mbili, maana yule mama wa kibandani aliniambia nisipofunga atanikamulia maziwa puani."

Vroni alicheka kimoyomoyo. Hiyo ilikuwa sauti ya Burgi kabisa.

"Kisha?"

"Kisha nikaja kwako, umesahau? Breki. Nilikaa dukani kwako nakusumbua mpaka mvua ikaanza. Baada ya hapo sikutoka hotelini."

"Kweli," Vroni akamwambia Ferdl. "Alinisumbua sana."

"Na glavu uliivua wapi?" Ferdl akauliza.

"Nadhani pale nilipokula mkate na jibini. Mtu hali jibini amevaa glavu."

"Ulikula wapi?"

"Kwa huyohuyo mama."

Vroni naye alikuwa na kijidaftari. Jibu hilo la mwisho hakuliandika.

Akabaki mshukiwa ambaye kijiji kizima kingependa awe yeye. Quirin, mwindaji, alizichukia baiskeli waziwazi. Majira ya kuchipua aliwahi kulaza magogo njiani. Saa nne na nusu walimkuta mlangoni kwake akipaka buti mafuta, shavu moja limevimba.

"Nimekuja kukushuku," Vroni alisema.

"Umechelewa. Huyu Ferdl amekwisha kunishuku kwa simu tangu asubuhi."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Kwa daktari wa meno, mpaka saa moja na nusu. Muulize. Nusu ya uso wangu bado iko kwake." Akaweka buti chini. "Mimi nikitaka kuwafukuza nyinyi nitawafukuza mchana, mnione. Simuui ng'ombe wa mtu. Lakini ukitaka cha ajabu, nenda msituni ng'ambo ya geti. Kuna mtu amekata matawi ya misonobari michanga, mzigo mzima, utomvu bado unatiririka. Nani anakata matawi sasa hivi? Ng'ombe wanashuka baada ya wiki mbili."

Ferdl hakuelewa mara moja. Yeye alitoka mjini. Vroni alielewa, akatamani asingeelewa. Ng'ombe wanaposhuka kutoka malishoni huvikwa mataji ya matawi na maua ya karatasi, mradi wote wameteremka salama. Akipotea hata mmoja, kundi zima hushuka vichwa vitupu. Ndiyo maana mataji hufumwa siku ya mwisho, baada ya kuhesabu. Kuanza mapema ni kuita balaa, na hata asiyeamini balaa haanzi mapema, kwa sababu majirani wanaamini.

"Mpigie Mzee Sepp," alisema Vroni. "Mwambie tukutane kwa Burgi."

Njiani Vroni alipiga hesabu. Angeweza kunyamaza mpaka saa sita, njia ifungwe, na Burgi amalize kiangazi chake cha mwisho kwa heshima. Lakini Dieter angerudi kwao akiitwa muuaji wa ng'ombe, na kila atakayepita na baiskeli baada yake angebeba jina hilo.

Saa tano na dakika kumi walisimama mbele ya kibanda. Vroni alikwenda moja kwa moja kwenye toroli la gurudumu moja lililoegemezwa ukutani, akalishika mikono yote miwili, akalisukuma kwenye tope hatua kumi, akakata kona.

Mstari mmoja. Meno yaleyale ya tairi, na kila baada ya mzunguko, jino lilelile lililokatika nusu.

"Gurudumu hili lilikuwa la baiskeli yangu," alisema. "Nilimfungia mwezi wa sita, la zamani lilipoharibika."

Mzee Sepp alitazama mstari, akamtazama Burgi. Ferdl alipitisha kidole ndani ya toroli, kikatoka na sindano za msonobari na utomvu.

"Mama," alisema Vroni, "sema wewe. Mimi sitaki kusema."

Burgi alitoa mikono kwenye aproni. Vidole vilikuwa vimevimba kama mizizi ya tangawizi.

"Zamani taji moja lilinichukua saa moja," alisema. "Sasa linanichukua siku nzima, na ng'ombe ni kumi na wanne. Nikasema nianze mapema, jioni, kwenye manyunyu, asinione mtu. Nilipokwenda toroli lilikuwa tupu na ardhi bado ngumu; wakati wa kurudi lilikuwa zito. Nikilitua tu, hivi vidole havishiki tena. Nikasema nifikishe mzigo, nirudi kufunga. Nikakaa kidogo motoni kuvipasha moto." Akavitazama vidole vyake. "Nilipoamka, kulikuwa kunapambazuka. Glavu ya yule bwana ilikuwa mezani."

"Kwa nini hukuja kuniambia?" Sepp akauliza.

"Miaka thelathini na mmoja nimeshuka na mataji, Sepp. Huu ndio wa mwisho. Nilitaka kosa liwe la mtu asiye na jina hapa."

"Mtu huyo ana jina," alisema Vroni. "Na njia ile ni yangu."

"Najua, mwanangu. Hilo ndilo lililonifanya nishindwe kukutazama."

Ferdl alifunga daftari. "Kusahau geti si kazi ya polisi. Kupachika ushahidi ni kazi yangu. Jumatatu uje ofisini."

"Nitakuja. Nitaleta jibini."

"Usilete. Itakuwa hongo."

Mzee Sepp alitazama saa yake. "Mkutano," akasema, na kuteremka. Saa saba kasoro robo alimpigia Vroni simu kumwambia maneno manne: njia inabaki, funga geti.

Baada ya wiki mbili kundi lilishuka vichwa vitupu. Burgi alitangulia, amevaa gauni lake jeusi. Nyuma ya ng'ombe walifuata waendesha baiskeli kumi na tisa, wameshuka wanasukuma, Dieter akiwa miongoni mwao na suruali ya kawaida kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyewaita.

Kwenye geti Burgi alisimamisha kundi zima. Watu wakadhani amechoka. Alikuwa amegeuza sikio nyuma, anasubiri.

Vroni alipita wa mwisho, akavuta geti, akazungusha mnyororo mara mbili.

"Nimesikia," alisema Burgi, na ng'ombe wakaendelea kushuka kuelekea ziwani.