WALINIACHA JUU YA MLIMA, NIKASHUKA NA KITI CHA AIBU

"Kama huwezi kushuka, kaa hapo hapo ugande!"

Maneno hayo hakuniambia adui, jamani. Kaniambia Korbinian, mwanaume ambaye nilikuwa nafunga naye ndoa baada tu ya Pasaka... tena mbele za watu, juu ya mlima, upepo unanikata masikio!

Nimevaa miguuni mbao za kutelezea kwenye theluji. Mbele yangu kuna njia nyeusi, yaani ile kali kuliko zote. Nyie, ile si njia, ile ni ukuta!

"Kori, nakuomba. Mimi nimejifunza siku mbili tu."

"Watoto wa chekechea wanashuka hapa, Wiebke."

"Basi nirudi na kile kiti cha waya tulichopandia."

Akacheka. Akawaangalia watu waliokuwa pembeni, ili na wao wacheke.

"Kiti kinapandisha, hakishushi. Nenda kakae na mama yangu pale mgahawani. Jioni nitakuja nikutoe kwa miguu."

"Jioni?! Si ndiyo kwanza asubuhi!"

"Eti huyu ndiye mama wa watoto wangu... Mungu nisaidie."

Akasukuma fimbo zake, huyooo. Wala hakugeuka.

Nililia. Siwafichi. Machozi yalinigandia kwenye mashavu, na miwani ikajaa ukungu.

Sasa ngoja niwaambie tulifikaje kule, maana hapo ndipo ubaya ulipoanzia.

Mimi natoka kaskazini, nchi tambarare, kwetu kilima kirefu ni tuta la kuzuia bahari isituingilie ndani. Kwao Korbinian, kule Miesbach kusini milimani, mtoto anavaa mbao kabla hajaacha nepi. Mama yake, Traudl, enzi zake alikuwa bingwa wa wilaya. Vikombe vyake vimepangwa sebuleni, na ole wako uvifute vumbi bila ruhusa. Siku hizi nyonga yake moja ni ya chuma, kwa hiyo hatelezi tena. Anapanda kukaa kwenye jua na kuwasema wanaoteleza.

Wana desturi yao pale nyumbani. Jumapili ya kwanza ya kungojea Krismasi, mama anawasha mshumaa wa kwanza, anakata keki ya zabibu kavu, halafu watu wananyoosha mikono kuchagua mlima wa kwenda mwezi wa pili. Mkono mmoja, kura moja. Ukishachaguliwa, hakuna kununa.

Siku ile tulikuwa watano. Mama Traudl, Korbinian, mdogo wake Xaver, mimi, na shosti wangu Swantje.

Huyu Swantje nimekua naye. Kijiji kimoja, darasa moja, siri zote moja. Nilipochumbiwa nikamwambia njoo tufundishwe wote kuteleza, tuanguke wote, tucheke wote. Akasema, "Shosti, kufa kupona, nipo."

Mimi nilikuwa nimefanya kazi yangu vizuri. Nikasimama na kifua mbele.

"Mimi napendekeza Sonnfeld. Kuna uwanja mpana wa wanaoanza, walimu wazuri. Njia rahisi ya buluu, ya kati nyekundu na ngumu nyeusi, zote zinaishia kwenye mgahawa mmoja, mchana tunakula pamoja. Na aliyechoka anashuka na kibanda kinachoning'inia kwenye waya bila maswali."

"Huo ni mlima au bustani ya watoto?" akauliza Mama Traudl.

Korbinian akapasuka kicheko. "Twende Geierkar! Kule ndiko mlima ulipo."

Geierkar... Mji mdogo, bonde jembamba, kiti kimoja cha waya cha zamani cha watu wawili wawili. Chini kuna kijiuwanja kidogo cha kujifunzia. Juu kuna njia nyeusi tu, na kijia cha kutembea kinachozunguka msituni mpaka ukome.

"Kule sisi wageni tutafanya nini?" nikauliza.

"Mtakomaa," akasema mama.

Mikono ikanyooshwa. Sonnfeld tukapata wawili, mimi na Xaver. Geierkar wawili, mama na mwanawe.

Wote tukamgeukia Swantje.

Nikamkonyeza. Nilikuwa na uhakika naye kuliko nilivyo na uhakika na jina langu!

Akanyoosha mkono... Geierkar.

"Swantje!!"

"Shosti, tusiwe waoga bwana. Tutajifunza huko huko."

Nikala keki yangu. Ila nilimwona Xaver akiangalia chini.

Basi, tukaenda. Siku ya kwanza na ya pili, mimi na Swantje tuko kwenye kile kijiuwanja. Yeye anaanguka, mimi naanguka. Yeye anaanguka zaidi! Mwalimu alimhurumia hadi akamshika mkono. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Siku ya tatu asubuhi, Swantje hakuamka.

"Kifundo kinaniuma, Wiebke. Nendeni tu. Mimi leo na kitanda, kitanda na mimi."

Nikamkanda, nikamletea chai. Nikamfunika na jaketi langu la rangi ya haradali, maana chumba kilikuwa na baridi. Mjinga mimi!

Mama Traudl akaniangalia mezani.

"Korbinian, leo mpeleke juu. Aone ukoo anaouingia."

Na ndivyo nilivyojikuta kule juu, nimeachwa nalia.

Nikavua zile mbao. Nikajikokota hadi kwa jamaa anayesimamia viti.

"Kaka, naomba unisaidie. Najua kiti hakishushi, lakini..."

"Nani kakudanganya hakishushi? Kinashusha vizuri tu. Kamata mbao zako mkononi, nitapunguza mwendo." Akajikuna shingo. "Ila dada, utaonwa na foleni nzima. Huku mtu yuko radhi ashuke kwa makalio kuliko kushuka na kiti."

Na ni kweli. Kwa watu wa milima ile, kushuka na kiti ni fedheha. Wanaopanda wote wanapishana na wewe uso kwa uso, wanakuangalia weee! Mtu amevunjika kidole atasema hajambo, ilimradi asipandishwe kile kiti.

Lakini mimi mtoto wa tambarare, fedheha yenu inanihusu nini? Nikasogea kukaa.

"Sogea huko. Tunashuka wote."

Nikageuka. Mama Traudl! Kajifunga skafu mpaka puani, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Bingwa wa wilaya... anashuka na kiti?!

Tukakaa, fito ya usalama ikashuka, tukaanza kuning'inia. Chini yetu ilikuwa ile ile njia nyeusi, maana kiti cha Geierkar kinapita juu yake mwanzo mwisho.

"Wewe unaogopa sana," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Usifumbe macho. Angalia chini."

Nikaangalia.

Nikawaona wawili wanashuka. Weee, walikuwa wanajua! Mwanaume mbele, mwanamke nyuma, wanakata kona kwa pamoja, theluji inaruka. Nikasema moyoni, kuna watu wamejaliwa.

Wakasimama pembeni, kwenye miti. Mwanaume akamvua yule mwanamke miwani. Akamshika kiuno. Wakabusiana... si busu la salamu, wapendwa. Lile busu la watu waliozoeana!

Mwanaume alikuwa Korbinian wangu.

Na mwanamke alikuwa amevaa jaketi la haradali. Kwenye kiwiko lina kiraka cha buluu. Kile kiraka nilikishona mimi, kwa mkono wangu! Kumbe Swantje alipanda nyuma yetu, akanipita mimi nikilia na miwani yenye ukungu!

Nikashika fito kwa nguvu.

Kilichonichoma zaidi hata si lile busu. Ni ile kona aliyokata! Kuteleza vile hujifunzi kwa siku mbili. Hujifunzi hata kwa msimu mmoja. Zile wikendi zote "niko kazini, shosti"... majira mawili ya baridi... alikuwa anafundishwa na mume wangu mtarajiwa! Na pale kwenye kijiuwanja alikuwa anajiangusha, mimi namwinua!

Wala hawakuinua macho. Nani aangalie viti? Wanaopanda huangalia mbele, na kushuka hakuna anayeshuka.

"Mwaka jana walisimama pale kwenye mti wa pili," akasema Mama Traudl. Sauti yake kavu, utadhani anasoma bei za sokoni.

"Mama... ulijua?!"

"Nilikuja na kina mama wa chama chetu cha kuteleza. Nyonga ikanigomea, nikashuka na kiti nimejifunika uso. Nikawaona. Huyo rafiki yako, nikamkumbuka, ulimleta kwenye sikukuu yako ya kuzaliwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungelia. Yeye angekana. Ungemsamehe, na mngeoana. Macho hayasamehi haraka hivyo. Ndiyo maana nilitaka Geierkar."

Jamani, kwa sekunde chache nikadhani yule mama ananipenda! Nikaona kumbe ukali wote ule ulikuwa ni ganda tu, ndani ni mzazi. Nikamshika mkono, machozi yananitoka.

"Ahsante, mama."

Akautoa mkono wake.

"Ahsante ya nini? Usije ukadhani nakuonea huruma, binti. Umemwona mwenzako anavyoteleza? Yule ndiye mkwe. Wewe unashuka kama gunia la viazi. Nilitaka uone, uondoke mwenyewe, watu wasije wakasema tumekufukuza."

Tukaendelea kuning'inia tu, yeye anajifuta pua, mimi nahesabu miti ili nisipige yowe.

Tukakaribia chini. Foleni ilikuwa ndefu, na mbele kabisa walisimama wazee wenye jaketi za chama chake, wale wale waliopiga naye picha za vikombe. Mama Traudl akavuta skafu, akainamisha kichwa.

Hapo ubaya wangu na mimi ukaamka.

"MAMA TRAUDL!" nikaita kwa sauti ya kwetu, ile ya kuitana kwenye upepo wa bahari. "Funua uso, mama, tumefika! Bingwa wa wilaya kashuka na kiti!"

Foleni nzima ikageuka. Mzee mmoja akavua kofia, "Traudl?! Ni wewe?!"

Alibadilika rangi yule mama. Jina nililoitwa hapo siliandiki, tuna watoto humu.

Nikavua pete. Nikamwekea kiganjani mwake.

"Mpe anayejua kuteleza."

Na wakati huo huo, wenyewe hao! Korbinian anashuka, na Swantje nyuma yake, kasi ya ajabu. Swantje akaniona.

Mnajua alifanya nini?

Akajiangusha! Makusudi! Pwaa, miguu juu!

"Uwiii, shosti, hizi mbao zitaniua! Nimekuja kukutafuta nikaona nijaribu kidogo..."

"Inuka, Swantje."

"Kifundo changu..."

"Inuka. Nimekuona tangu juu. Nimeshuka na kiti."

Akamwangalia Korbinian. Korbinian akaangalia vile viti, kimoja baada ya kingine, kama vile ndiyo kwanza anaviona maishani mwake.

"Wiebke, sikiliza..."

"Si uliniambia hakishushi?"

Nikamgeukia Swantje.

"Na jaketi langu, vua."

"Nitapata baridi," akasema Swantje. Sauti yake haikuwa na maumivu ya kifundo tena.

"Kaa hapo hapo ugande."

Akavua. Nikaondoka.

Xaver ndiye aliyenipeleka stesheni. Nilipofungua mlango wa gari nikamuuliza.

"Ulijua?"

"Ndiyo maana niliipigia kura Sonnfeld."

"Ili nisiumie?"

"Ili usione. Nilifikiri ukishaolewa, yataisha yenyewe."

Hata mkono nilionyooshewa kwa wema, jamani, ulikuwa mkono wa kunifumba macho! Nikapanda treni, nikalia mpaka milima ikaisha dirishani.

Walioana. Tarehe ile ile yangu, ukumbi ule ule, hata maua hawakubadilisha. Majirani wa Miesbach waliniambia mama mkwe alicheza na nyonga yake ya chuma hadi watu wakapiga makofi.

Mwaka mpya uliofuata, Swantje akapasuka goti kwenye njia nyeusi. Goti lote! Madaktari wakamwambia mbao ndiyo basi, labda kwenye njia ya buluu, tena polepole.

Mimi nipo kwetu, nchi tambarare, natembea juu ya tuta jioni na kondoo. Wiki iliyopita, Jumapili ya mshumaa wa kwanza, simu ikalia. Ujumbe. Namba nilikuwa nimeifuta, ila naikumbuka kwa kichwa.

"Wiebke, najua sistahili. Leo tumepiga kura. Niliomba twende Sonnfeld kwa sababu ya goti langu. Mama kasema ile ni bustani ya watoto. Safari hii kaalikwa binti mmoja wa chama chao, eti hajui kabisa kuteleza, anataka kujifunza. Kura yake ndiyo iliyoamua. Tunaenda Geierkar."

Nikausoma mara mbili. Nikaweka chai mezani.

Ujumbe mwingine ukaingia.

"Naogopa kwenda juu. Kile kiti kinashusha watu kweli?"

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza hata kumwambia asiende. Wangapi hapa mngemwambia? Mimi nilichojifunza ni hiki: kundi likichagua mlima ambao wewe huwezi kuushuka, usikae kujilaumu kwamba hujui kuteleza. Uliza nani anataka ubaki juu. Mimi sikuuliza. Yeye alikuwa anajua jibu, na akanyoosha mkono.

Nikamjibu.

"Kinashusha, shosti. Keti, shika fito vizuri... halafu angalia chini."