Mlio wa Jabali la Igumbya

Zama zile rugaruga walipotembeza magobore yao Usukuma wakiteka watu na ng'ombe, watu wa Igumbya hawakuwa na boma. Walikuwa na jabali. Kileleni palikuwa na bamba la jiwe ambalo likigongwa lililia kama kengele, na kila aliyelisikia alikimbilia mapangoni. Mlinzi wake alikuwa Nkwabi, mgane mwenye binti mmoja tu, Limi.

Mwaka huo mtemi alifariki. Mila ilikataza jabali kulia mpaka matanga yaishe. Siku ya nne Nkwabi akaona rugaruga wakitoka msituni, na chini kwenye mtama Limi akipalilia na wenzake. Akagonga.

Watu wote wakapona. Ungedhani walimchinjia fahali. Wapi! Walimwitia baraza.

"Umemsumbua mtemi kabla hajafika kwa wazee wake," alisema Ngassa, mkuu wa baraza.

"Ningenyamaza, leo mngekuwa mnazika wangapi?"

"Tunajua, ndugu yetu. Lakini mwacha mila ni mtumwa."

Wanaume aliowaokoa walitazama vidole vya miguu yao. Hadi leo nikiwakumbuka wale nakasirika. Wakamhukumu kuondoka, na asijenge popote mlio wa jabali unapofika.

Ulinzi wa jabali ulirithiwa kwa damu, hivyo Limi akazuiwa kumfuata. Alimfungia baba yake unga na mkuki.

"Matanga yakiisha nitakugongea kila asubuhi, baba, ujue mimi mzima."

Nkwabi aliupokea mkuki. "Gonga, mwanangu," akasema.

Limi aligonga kila asubuhi, pigo moja tu ili watu wasikimbie, misimu miwili. Kisha wakapita wachukuzi wa chumvi, akawauliza habari za baba yake.

"Tumemwona, amekonda," alijibu mmoja wao. "Kila akisimamisha nguzo za kibanda, asubuhi husikia jabali, hutabasamu, hufunga mzigo akahamia kichaka kingine. Tukamwambia, mzee, vuka mto, ng'ambo halisikiki, ujenge upumzike. Amekataa kuvuka."

Limi alilia mpaka wageni wakaona haya.

Kesho yake hakugonga, ili baba yake apate kujenga. Wala hakugonga tena maishani. Jiwe bado lina shimo la mapigo yake, wapitao hulitia kidole.

Na asubuhi ile ya kwanza ya kimya, kando ya mto, Nkwabi aliamka, akafunga mzigo wake, akakaa juu yake kungoja mlio. Jua lilimchwea palepale.