Chupa Mbili za Damu

Siku za shule Nangila aliamka kabla ya king'ora cha karakana ya reli. Aliwasha jiko la makaa nje ya mlango, akalipepea kwa kifuniko cha sufuria mpaka makaa yakashika, kisha akabandika uji. Walikaa chumba kimoja huko Makongeni, katika nyumba za reli. Baba yake, Wamalwa, alikuwa ametumwa Mtito Andei kubadilisha mataruma ya reli yaliyooza. Ulikuwa mwaka ule maziwa ya bure yalipoanza kuletwa shuleni, na watoto wa mtaa walikimbilia darasani kama waendao harusini.

Asubuhi moja uji haukunyweka. Mama yake, aliyekuwa na mimba kubwa, alishuka kitandani akapiga magoti sakafuni, ameshika tumbo.

"Mwanangu, mwite Mama Warigia. Upesi."

Mama Warigia, jirani wa mlango wa pili, alitafuta mkokoteni. Wakamlaza mama juu ya magunia, wakamsukuma hadi hospitali ya wazazi. Mtoto alizaliwa adhuhuri, naye hakulia. Alikuwa amekwisha kufa. Na damu ya mama ikakataa kusimama.

Muuguzi aliyeitwa Sista Mukai alimvuta Nangila kando. "Baba yako yuko wapi?"

"Mtito Andei, Sista. Kazi ya reli."

"Basi nisikilize vizuri. Mama yako asipoongezwa damu, hafiki kesho. Zipo chupa mbili zinazofaa, lakini hapa sheria ni kwamba hazitoki mpaka watu wawili watoe damu ya kuzirudishia. Damu yoyote, mradi ni ya mtu mzima mwenye afya. Nenda ukawatafute kabla jua halijatua."

Sheria za namna hiyo hutungwa na watu ambao wake zao hawazalii huko. Nangila akatoka mbio, miguu mitupu.

Mama Warigia alikuwa amesharudi kwenye kibanda chake cha mboga. Alipoambiwa, alirudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka. "Mimi, mwanangu? Mimi damu yangu ni maji matupu. Tafuta mwingine!"

Nangila akaenda kwa Mzee Johnson, mzee wa kanisa. Huyu, kila Jumapili, aliimba habari za damu ya Mwokozi mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Alimkuta kibarazani akicheza drafti na wenzake.

"Damu ni uhai, binti yangu," alisema Mzee Johnson bila kuinua macho. "Uhai hutolewa na Mungu. Nitamwombea mama yako."

"Wakikutoa damu wanaenda kuiuza," akadakia mwenzake. "Hamjasikia wale wanyonya damu wa gari jekundu? Mtu analala Gikomba mzima, anaamka hana hata tone!"

"Mwambie baba yako aje na treni!" akasema mwingine, nao wakacheka. Kete zikaendelea kugonga ubao.

Alibisha milango mpaka vifundo vya vidole vikamuuma. Wengine walimwonea huruma, wakampa maji ya kunywa. Maji hayakuwa haba.

Jua lilikuwa limeinama upande wa viwanda vya Industrial Area aliporudi hospitalini mikono mitupu. Kando ya ua, wafungwa waliovaa kaptura nyeupe walikuwa wakifyeka nyasi. Askari jela alikalia ndoo iliyopinduliwa, bunduki mapajani. Nangila alikuwa amefundishwa kuwakimbia watu wale. Siku hiyo hakuwa na nguvu za kukimbia. Alichuchumaa akalia.

"We binti," akamwita mfungwa mmoja mwenye mabega mapana, "unalia njaa ama umefiwa?"

"Bado," Nangila akajibu. "Bado kufiwa."

Mfungwa yule, Maingi, akaacha kufyeka. Nangila akamweleza yote huku kwikwi ikimkata maneno. Wafungwa wengine wakasogea kusikiliza.

"Maingi! Kazi!" askari akafoka.

"Afande, naomba ruhusa nikatoe damu."

"Damu gani? Wewe ni mali ya serikali, kuanzia kichwa mpaka ukucha!"

"Mwili umefungwa, Afande, sikatai. Niliiba nyaya za shaba kiwandani, na hakimu hakunionea. Lakini damu sikuiiba. Hii nilipewa na mama yangu."

"Na mimi nihesabu," akasema mzee mwembamba, Abdinoor, aliyefungwa kwa kuuza chai barabarani bila leseni. "Damu yangu nyepesi kama chai ya jela, lakini ni ya halali." Wenzake wakacheka.

"Inueni mafyekeo, wote!"

Hakuna aliyeinua. Mmoja baada ya mwingine waliyaweka chini, wakaketi juu ya nyasi walizozikata. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyerusha jiwe. Waliketi tu.

Askari akasimama, jasho likimtoka. "Huu ni mgomo! Maingi, wewe si unatoka kabla ya Krismasi, kwa msamaha wa mwenendo mzuri? Nikiandika hili, msamaha umekwenda. Umenisikia?"

Maingi alitazama barabarani, walikopita watu huru wakirudi makwao. Kisha akamgeukia Nangila. "Mama yako yuko wodi gani?"

Sista Mukai alikuwa amesikia kelele, akatoka nje. Alibishana na askari mpaka askari akachoka. "Wawili tu," akasema. "Na ripoti naandika." Akawafunga Maingi na Abdinoor pingu moja, mkono kwa mkono, wakaingia ndani. Damu yao ilitolewa hivyo hivyo, kila mmoja akinyoosha mkono uliobaki.

Usiku ule chupa mbili zilining'inia juu ya kitanda cha mama. Kulipokucha aliomba maji.

Mama aliporuhusiwa kwenda nyumbani, baba alikuwa amerudi, na mtoto alikuwa amekwisha kuzikwa. Wafungwa walipoletwa tena hospitalini kufyeka, Nangila aliwapelekea mahindi ya kuchemsha. Alimtafuta Maingi, hakumwona. Abdinoor alimsogelea huku akijifanya anakusanya nyasi.

"Yuko seli ya peke yake. Msamaha wake umefutwa. Krismasi ataila ndani, na Pasaka vilevile."

"Na wewe, babu?"

"Mimi mzee. Wameninyima uji wa asubuhi, basi."

"Maingi alisema nini?"

"Aliuliza kama mama alipona."

Askari akayapiga mahindi teke, yakatawanyika majanini. Nangila alirudi nyumbani akamsimulia mama yake. Mama hakulia.

Habari zilikuwa zimeenea mtaani. Mama alipotoka kwa mara ya kwanza kwenda bombani, akimshika Nangila bega, wanawake waliondoa madebe yao yasigusane na lake. Mzee Johnson alikuwa ametangaza kanisani kwamba atamwombea asafishwe, kwa kuwa ana damu ya wezi. Mama Warigia akamnong'oneza, "Sema tu ulipewa na shemeji yako. Watu watasahau."

Mama akaweka debe chini ya bomba, akafungulia maji.

"Sisemi uongo," akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Damu hii ni ya wafungwa. Ninyi mlio huru mliombwa, mkacheka. Mwizi ameuza Krismasi yake kwa ajili ya mtu asiyemjua hata jina." Akamgeukia binti yake. "Nangila, sikia, na usije ukasahau. Usimpime mtu kwa nguo aliyovikwa wala kwa mlango aliofungiwa. Kutenda wema hakumfungulii mtu jela. Mara nyingine humwongezea kifungo. Utende hata hivyo. Na ukiulizwa nani alimwokoa mama yako, taja majina yao, Maingi na Abdinoor, hata kama hakuna atakayekuitikia."

Maji yalijaa debe, yakaanza kumwagika. Nangila akafunga bomba, akajitwika debe, akatembea polepole ili mama yake aweze kumfuata.