Joto la Kifua

Asubuhi ile ya ukungu foleni ilikuwa ndefu kwenye duka la fotokopi mbele ya hospitali, mjini Rangpur. Rehnuma, muuguzi wa wadi ya watoto njiti, alikuwa amejitanda shali ya rangi ya haradali juu ya sare yake. Mwenye duka alichanganya karatasi za Rehnuma na za kijana aliyekuwa nyuma yake, Ashfaq, mwalimu wa hesabu aliyekuja kunakili mtihani.

"Sista, mtihani wako una namba nyingi kuliko wangu," Ashfaq alisema akimrudishia karatasi.

"Huo ni utafiti. Njiti akilazwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, ana nafasi kubwa zaidi ya kupona."

"Na mwalimu anayetetemeka kwa baridi?"

"Mwalimu anunue sweta."

Rehnuma alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza Ashfaq. Aliomba namba, na tangu siku hiyo simu hazikukatika.

"Kipenzi, umekula?"

"Nimekula. Acha kunipigia ukiwa darasani."

"Wanafunzi wana zoezi."

"Zoezi gani?"

"La kumngoja mwalimu amalize mapenzi."

Mwezi Januari dada yake Ashfaq, Dilara, aliyekaa miaka tisa bila mtoto, alijifungua binti kabla ya siku zake. Kichanga kiliwekwa chini ya taa ya kukipasha joto wadini kwa Rehnuma. Mama akabaki nje ya mlango, kama ilivyokuwa desturi.

Rehnuma alimwendea msimamizi wa wadi, Sista Monowara. "Dada mkubwa, tumruhusu mama amkumbatie. Utafiti unaonyesha..."

"Nimelea njiti miaka ishirini na sita. Daktari hajaandika hivyo. Ukitaka kufundisha, nenda chuoni."

Daktari alikuwa chumba cha pili tu. Rehnuma hakwenda. Alirudi akakunja mablanketi.

Siku ya tatu umeme ulikatika na jenereta ikagoma. Kufikia adhuhuri mwili wa mtoto ulikuwa wa baridi. Ndipo Rehnuma alipomwingiza Dilara ndani na kumlaza mtoto kifuani pake. Walikuwa wamechelewa. Mtoto alikata roho mama akimbembeleza.

Jioni Ashfaq alipiga simu.

"Siku ile dukani uliniambia habari ya kifua cha mama."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua, Ashfaq. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kukaripiwa."

Ashfaq alikata simu bila kuaga.

Kesho yake Rehnuma aligonga mlango wa daktari, peke yake, na hakuacha kuugonga wiki saba, hadi daktari alipoandika ruhusa. Kufikia Aprili akina mama wanane walikuwa wameketi wadini na vichanga vifuani, na Sista Monowara mwenyewe ndiye aliyewafunga kanga za kuwabebea, bila kumtazama Rehnuma usoni.

Ashfaq alikuja siku moja, amekonda, shati halijapigwa pasi. Walisimama uani.

"Nasikia mmeanza."

"Tumeanza."

"Hasira imeniisha, Rehnuma. Nakupenda vilevile. Lakini Dilara aliniuliza kama, tukioana, ni wewe utakayeishi naye nyumba moja."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia nitakuja kukuona kwanza."

"Basi usimlazimishe. Mimi mwenyewe nisingeweza kumtazama kila asubuhi."

"Na sisi?"

Rehnuma alitamani kumshika mkono, ila palikuwa na watu. "Kula vizuri, mwalimu," alisema.

Aliingia wadini. Mama mmoja alikuwa akimwita aje aone: mwanawe ameanza kunyonya.