Kilengeo cha Nukta Nyekundu

Maiti ililala kifudifudi kati ya mistari miwili ya mahindi, hatua nne kutoka njiani. Mkono mmoja ulikuwa umeng'ang'ania bua mpaka likang'oka na mizizi yake. Kule njiani kulibaki mkate na kilo mbili za sukari, na siafu walikuwa wameshajikaribisha.

"Jina?" Inspekta Wakonyo aliuliza.

"Wangila, afande," Koplo Wanjala akajibu. "Mwalimu huko Bungoma mjini. Ameoa Viola, msichana wa Mzee Khaemba, ule polisi wa akiba. Viola amekuwa hapa kwa wazazi wiki moja, akisaidia kuvuna. Huyu alikuwa anakuja kumchukua."

"Walijua anakuja?"

"Hapana. Boda ilimshukisha Ndalu sokoni jana, saa kumi na mbili jioni. Kutoka hapo alitembea."

Risasi ilikuwa moja tu, ya tumboni. Daktari wa polisi aliinuka akijipangusa magoti. Alikuwa na uso wa mtu aliyekula kitu kibaya.

"Hakufa papo hapo," alisema. "Tazama alivyochimba udongo kwa vidole. Saa nzima, pengine zaidi. Na zahanati iko hapo dakika ishirini kwa pikipiki. Angefikishwa, angepona."

Bunduki ilikuwa imeokotwa kwenye ua wa jirani wa Mzee Khaemba, Job, mwanamume wa miaka arobaini ambaye kijiji kizima kilimjua kwa wizi wa mahindi. Ushahidi wa aina hiyo kijiji hakiuchunguzi. Polisi walipofika, Job alikuwa ameshafungwa kamba za katani na mtu alikuwa ametumwa petroli. Wakonyo alimnyakua akamtia korokoroni. Kesho saa tatu alitakiwa kumfikisha mahakamani, na alijua vizuri kwamba Job akiachiliwa bila mwingine kupatikana, hatafika nyumbani akiwa hai.

Bunduki ilikuwa ya serikali, na namba yake ilikuwa ya Mzee Khaemba. Lakini juu yake palikuwa na kitu ambacho serikali haikukiweka: kilengeo cha nukta nyekundu, kioo kidogo chenye betri, cha kumsaidia mtu kulenga wakati giza linaingia.

Mzee Khaemba alimpokea Wakonyo sebuleni, ameketi wima, kofia yake ya kazi magotini. Alikuwa polisi wa akiba kwa miaka ishirini na miwili. Wanakijiji walimwita Macho.

"Bunduki ni yako, mzee?"

"Ni yangu. Iliibwa wiki mbili imepita."

"Mbona hukuripoti?"

"Aibu, afande. Mimi nichunge watu, na niibiwe bunduki kwa nyumba yangu?"

"Na hiki kilengeo?"

"Hicho sikijui. Mwenye aliiba ndiye ameweka."

Mama Viola alileta chai, akaiweka mezani, akatoka. Kutoka chumba cha ndani Viola alikuwa akilia kwa sauti iliyokwisha kukauka. Wakonyo aliinywa chai hiyo kwa sababu kuikataa kungekuwa matusi.

Ndani ya gari alikigeuzageuza kile kilengeo ndani ya mfuko wa vielelezo. Skrubu mbili zilizokishikilia zilikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya bluu, uliopita juu ya skrubu hadi kwenye chuma. Fundi makini huchora mstari huo ili skrubu ikilegea ajue. Job, ambaye hata mlango wake aliufunga kwa waya, hakuwa na habari ya mambo hayo.

"Twende Kitale," alimwambia Wanjala.

Wakonyo alizaliwa Tuwan, mtaa wa Kitale. Hakuhitaji kuuliza sana ni nani Kitale anayerekebisha bunduki za wenye leseni. Kipngetich alikuwa na chumba nyuma ya duka la vifaa vya shamba, kisicho na dirisha. Alipouona mstari wa bluu, aliketi kwenye kigoda chake taratibu.

"Ni kazi yako?"

"Afande, leseni yangu..."

"Leseni yako imeshakufa. Kuna mtu atachomwa kesho. Nani alikuletea bunduki hii?"

"Mzee mmoja wa Ndalu. Polisi wa akiba. Alikuja wiki jana, Ijumaa."

Ijumaa. Bunduki iliyoibwa wiki mbili zilizopita ilikuwa imeletwa dukani na mwenyewe wiki jana. Wanjala alipiga mluzi mdogo.

"Alitaka nini?"

"Alisema jioni haoni nundu ya kulengea, ile ya mbele ya mtutu. Nikamwonyesha kwanza ile ya vidoti vya kijani, inang'aa yenyewe, haina betri. Nikazima taa ndiyo aone. Akaniambia, 'Lakini hujaiwasha.' Na ilikuwa inawaka, afande. Ilikuwa inawaka kabisa."

Wakonyo alimwashiria aendelee.

"Nikamletea ya darubini. Hiyo inakusanya mwanga kidogo, lakini ni ya mtu ametulia, sio ya kitu inakimbia. Akakataa. Mwisho nikampa hii ya nukta. Mwanga wake uko na nguvu kumi. Jioni mtu huweka mbili, ama tatu. Yeye alipanda, akapanda, mpaka kumi. Ndiyo akasema, 'Sasa naona.'"

"Uliinyoosha shabaha yake ukampa apige kuijaribu?"

"Nilipiga mimi. Yeye karatasi ya shabaha hakuiona."

"Zima taa," Wakonyo alisema.

Kipngetich alizima. Wakonyo alikiinua kilengeo kwenye jicho. Gurudumu la nguvu lilikuwa bado kwenye kumi, kama lilivyookotwa. Nukta ilivimba ikawa donge la moto lililommeza Wanjala mzima, kofia na buti. Mtu mwenye macho mazuri asingeweza kulenga chochote kupitia pale.

"Mzee ana mtoto wa jicho," alisema gizani. "Macho yote mawili. Na wewe ulijua."

"Nilijua," Kipngetich akajibu. "Nikachukua kazi."

Walirudi Ndalu jua likielekea Mlima Elgon. Wakonyo alikuwa na mpigaji, lakini sababu hakuwa nayo. Kwa nini mzee amwue mkwe wake? Alisimama njiani pale siafu walipokuwa, akazikagua upya nyayo za Wangila. Zilikuja kwa mwendo wa kawaida, kisha ghafla zikaruka pembeni.

"Alikuwa anakimbia nini?" aliuliza.

Wanjala alikuwa ameinama mbele zaidi, juu ya alama za ndara za mwanamke zilizokuja kutoka upande wa pili na kukoma.

"Afande, hapa hakuna mtu alikimbia. Aliheshimu mtu."

"Sema vizuri."

"Mama mkwe. Kwetu hukutani na mama mkwe njiani ana kwa ana. Unapisha, unaingia kichakani mpaka apite. Yeye naye anajifunika. Hata mimi ningeruka, bana. Nimesharuka mara ngapi! Siku moja niliingia kwa mtaro na suti."

Wakonyo hakucheka. Kwao mama yake hunywa chai na wakwe zake na kuwagombeza wakizidisha sukari. Alimwona Wangila akiacha mkate wake chini na kujitupa kwenye mahindi kwa adabu yake yote. Nyumba ya Khaemba ilikuwa hatua themanini kutoka hapo.

Mzee hakubisha sana. Wakonyo alinyoosha vidole vitatu mbele yake, akauliza ni vingapi. Mzee aligeuza kichwa huku na huku kama kuku, kisha akakiinamisha.

"Umetoka kwa fundi," alisema.

"Nimetoka kwa fundi."

"Niliona kitu imeruka ndani ya mahindi, mbere ya mama. Nilifikiri ni mwizi, anataka kumvamia. Nikarenga ile nyekundu. Nikapiga."

"Hilo ni kosa la macho, mzee. Mtu angekuelewa. Halafu?"

Mzee aliigeuza kofia yake magotini.

"Mama alikuja mbio akaniambia kuna mtu analia huko, na yeye hawezi kuingia, ni mkwe. Nikaenda. Nikamshika uso kwa mikono. Akasema, 'Baba, ni mimi.'"

"Alikuwa na akili zake?"

"Alikuwa nazo. Aliomba maji."

"Mbona hukuita watu?"

"Ningewaambia nini? Kwamba Macho ni kipofu? Wezi wa ng'ombe walimwua kijana wangu mbere yangu, sina hata fimbo. Serikari ikanipa hiyo bunduki, nikawa mtu. Wangeichukua siku hiyo hiyo. Nikaketi. Nilingoja mpaka akanyamaza. Halafu nikaitupa kwa Job, kwa sababu kila mtu angeamini ni Job."

Wakonyo alimfunga pingu mwenyewe. Mikono ya mzee ilikuwa miepesi, na alimchukia, na alimhurumia, na hakuna kimoja kilichomsaidia. Kituoni alimwita inspekta mwingine aje kuandika ungamo, kama sheria inavyotaka.

Job aliachiliwa asubuhi. Hakuwa na pa kwenda. Nyumba yake ilikuwa imechomwa usiku, na sokoni walishaanza kusema polisi wamehongwa ili wamsingizie Macho.

Mama Viola alikuwa kwenye benchi la kituo tangu alfajiri, peke yake. Viola alikuwa amekataa kuandamana naye.

"Mzee aliingia kwa mahindi, akaniambia kutoka huko ni mbwa amepigwa," alisema. "Nikajua sio mbwa. Nikaenda kupika." Alimtazama Wakonyo kwa mara ya kwanza. "Ningeingia kwa mahindi, angepona?"

"Sijui, mama."

"Umeongea na daktari. Unajua."

Wakonyo alijua.

"Basi andika na mimi," mama yule akasema. "Andika nilimsikia na sikuenda."

"Hilo si kosa mbele ya sheria, mama. Hakuna mtu atakayekushtaki."

"Andika tu."

Wakonyo akavuta karatasi safi, akamuuliza jina lake kamili na umri wake, akaanza kuandika.