Fundi Atoka Nyuma ya Pazia

Kila asubuhi fundi alikaa kwenye cherehani yake, chumba cha nyuma. Mkewe alikaa mbele, dukani. Yeye ndiye aliyepokea wateja na kuwapima kwa tepu. Kisha alipeleka vipimo nyuma ya pazia.

Wateja walisifu nguo, lakini hawakumjua aliyezishona. Uso wa fundi ulikuwa na uvimbe mwingi, mkubwa na mdogo. Uvimbe mmoja ulining'inia juu ya jicho la kushoto na kulifunika nusu.

Siku moja walikuja watu wa sinema. Walitaka makoti marefu ya kizamani.

"Filamu yetu ni ya enzi za kale," alisema mwigizaji mkuu. "Mimi naigiza mtu mwenye uso ulioharibika. Watu wanamkimbia."

Mke wa fundi alitupia pazia jicho. Akampima harakaharaka.

Alipokuja kulijaribu, koti la kwanza lilikaa vibaya. Bega moja lilipanda, mgongo ukajikunja.

"Naomba fundi mwenyewe anipime," mwigizaji alisema.

"Amesafiri," mke alijibu.

Nyuma ya pazia cherehani ikalia: trrrr!

Mwigizaji alitabasamu. "Basi nitarudi kesho. Huenda atakuwa amefika."

Jirani yao, muuguzi, alikuwa amefuata sketi yake. Mwigizaji alipoondoka, muuguzi alicheka.

"Shoga, mume yuko ndani nawe unamsafirisha?"

"Nifanyeje? Watasema amerogwa. Watasema anaambukiza. Hata dada yangu hali naye sahani moja."

Fundi alisikia. Akafungua pazia, akaja kuketi nao.

"Shemeji, huu ni ugonjwa wa kuzaliwa nao," muuguzi alimwambia. "Si uchawi, wala si adhabu. Hauambukizi kwa kugusana, kwa kula pamoja, wala kwa nguo uliyoshona."

"Una dawa?" fundi aliuliza.

"Hakuna ya kuumaliza kabisa. Lakini daktari anaweza kukupasua na kupunguza huo unaoziba jicho. Na uvimbe wowote ukianza kuuma au kukua haraka, usingoje. Nenda hospitali."

"Na macho ya watu?" mke aliuliza.

"Ukimficha, watadhani kuna la kuficha. Mtambulishe tu kama mume yeyote."

Fundi alimgeukia mkewe. "Kumbe ni maneno ya watu tu, wewe hunionei haya? Nilidhani wewe ndiye unayetaka nikae nyuma."

"Mimi? Nilidhani wewe ndiye unayetaka!"

Wakatazamana, kisha wakaangua kicheko.

Kesho yake mwigizaji alirudi, amebandikwa uso wa mpira wa kuigizia. Mke alisimama. Akafungua pazia, fundi akatoka.

"Huyu ni mume wangu. Ndiye fundi."

Mwigizaji alishtuka. Kisha akanyoosha mkono, wakasalimiana. Fundi alimpima polepole.

"Bega lako la kulia limeshuka," alisema. "Ndiyo maana koti lilipanda upande mmoja."

"Fundi, samahani nikuulize. Watu wakikukodolea macho, unafanya nini?"

"Nami nawatazama. Naangalia mabega."

Mwigizaji alicheka mpaka mpira ukaanza kubanduka.

Mwezi uliofuata fundi alikwenda hospitali. Daktari aliondoa uvimbe wa juu ya jicho. Mwingine ulibaki, lakini sasa aliona kwa macho yote mawili. Cherehani ilihamia mbele, karibu na dirisha. Wateja wawili hawakurudi. Wengine walizoea, wakawa wanakaa kupiga soga. Dada wa mke naye alielezwa. Siku moja alinawa mikono, akasogea kwenye sahani ya shemeji yake.

Filamu ilipokamilika, ilionyeshwa ukumbini. Fundi na mkewe walikaa safu ya mbele. Taa zilipowashwa, mama mmoja alimjia fundi akifuta machozi.

"Pole sana, baba. Pole sana."

"Asante, mama," mke alijibu kwa upole. "Lakini mume wangu hajambo. Ukitaka kumpa kitu, mletee kitambaa."

Jumatatu asubuhi mama yule alikuja na kitambaa cha gauni.